Kipa Aliyeazima Umri

Kila siku asubuhi na mapema, kabla jirani yeyote hajafungua mlango, ukuta wa ua ulikuwa ukipigwa. Pu! Pu! Pu! Huyo ni Dada, msichana wa miaka ishirini na mmoja, akirusha mpira ukutani na kuudaka, mara mia moja, bila kukosa hata siku moja. Mdogo wake wa miaka kumi na minne alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, na kila mtu alimwita Kitinda. Yeye alifagia ua huku amebinua mdomo.

"Mara mia asubuhi, na jioni unafungwa manne," Kitinda alisema. "Si bora ulale tu?"

"Fagia, mdogo wangu," Dada alijibu, akaendelea kurusha.

Ukweli usemwe, Dada hakuwa kipa wa kutangaza. Kwa miaka sita alikuwa amechezea timu tatu za daraja la chini kabisa la ligi ya wanawake. Mbili zilivunjika yeye akiwa langoni, na ya tatu ilikuwa inapumulia mashine. Uwanja wao ulikuwa na nyasi pembeni na vumbi katikati, lango moja halikuwa na nyavu, na mashabiki, wakijitahidi sana, walifika thelathini. Hao thelathini ndio waliompachika jina la Chujio, kwa kuwa kila kitu kilipita. Chujio! Na yeye aliitika.

Hilo la kuitika Kitinda hakuweza kulisamehe. Yeye mwenyewe alikuwa kipa wa shule, yuko darasa la saba, na katika mashindano na shule za jirani alikuwa amefungwa bao moja tu, tena la penalti. Basi kichwa kikamvimba. Akasahau kabisa kwamba ni Chujio huyo huyo aliyemfundisha namna ya kusimama na namna ya kuangalia mguu wa mpigaji badala ya uso wake. Watu walipomuuliza nani kamfundisha, alijibu bila haya, "Kipaji tu."

Siku moja Dada alimvuta chumbani, akafunga mlango.

"Kitinda, niazime cheti chako cha kuzaliwa."

"Cha nini?"

Dada alikohoa kidogo. Kulikuwa na bonanza la wasichana walio chini ya miaka kumi na sita, mwisho wa juma lile. Makocha wakubwa wangekuja kutazama. "Mimi umri umeshanipita," alisema. "Hakuna kocha anayepoteza muda wake kumtazama kipa wa umri wangu katika daraja letu. Ni siku mbili tu, kisha nakurudishia."

Kitinda alicheka mpaka akakaa kitandani. "Yaani uende ukadake mipira ya watoto? Tena kwa jina langu? Dada, huna hata aibu!"

"Nitakupa glavu zangu mpya," Dada alisema, akitazama sakafu.

Hapo kicheko kilikatika. Glavu zile zilikuwa glavu za kweli, zenye mpira laini kiganjani, na Dada alikuwa amejinyima msimu mzima ili azipate. Shuleni Kitinda alidaka kwa mikono mitupu. Hakufikiri mara mbili. Alikichomoa cheti kwenye bahasha ya karatasi zake, akakirusha kitandani kama anayemtupia mbwa mfupa.

"Chukua. Hata ukijifanya mtoto, utafungwa tu."

Jumamosi ile Dada alisuka mikia miwili, akavaa sketi ya shule ya mdogo wake. Loo! Sketi ilimkaba, zipu ikagoma kufika juu, na mlinda lango wetu akatoka nyumbani kwa hatua fupi fupi, begi kalishikilia nyuma ili lifiche mambo. Kitinda alimchungulia dirishani, kajishika mbavu. Jumatatu cheti kilirudi kama alivyoahidiwa. Kitinda hakuuliza bonanza liliendaje. Chujio angekuwa na nini cha kusimulia?

Wiki nne baadaye mwalimu wa michezo alimwita ofisini. Timu ya wilaya ya wasichana chini ya miaka kumi na sita ilikuwa ikisajili, na kwa upande wa makipa ilibaki nafasi moja. Atakayeipata angepelekwa shule ya bweni yenye uwanja mzuri na kocha wa makipa.

"Nimepeleka jina lako tu," mwalimu alisema. "Usiniangushe, binti."

Wiki hiyo Kitinda alikula bila kujua anakula nini. Habari hizo alimwambia Mama peke yake. Dada hakumwambia neno, maana Chujio angemshauri nini?

Siku ya usajili ilipofika, Kitinda na mwalimu wake walikwenda uwanja wa wilaya. Mbele ya jukwaa, nyuma ya meza yenye daftari kubwa, alikaa karani mzee wa chama cha mpira cha wilaya, mwenye miwani na mhuri.

"Shikamoo, mzee," Kitinda alisema. Glavu alikuwa ameshazivaa.

"Marahaba. Cheti."

Karani alipitisha kidole kwenye ukurasa, kikasimama. Alitazama cheti, akatazama daftari, akamtazama msichana. "Huyu tunaye."

"Haiwezekani, mzee," mwalimu alisema.

Karani aliligeuza daftari waone. Lilikuwemo jina la Kitinda, la baba yake na la babu yake, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ile ile ya cheti. Pembeni ilibandikwa picha ya Dada na mikia yake miwili, akijilazimisha kutabasamu kitoto.

"Alisajiliwa baada ya bonanza. Alidaka penalti tatu," karani alisema. Akaonyesha kwa kalamu lango la mbali, ambapo msichana mmoja alikuwa akipasha misuli. "Yule pale. Sasa wewe, hiki cheti cha watu umekitoa wapi?"

Kitinda alimtambua Dada hata kwa mbali. Kumbe siku mbili ziliendelea hadi leo!

"Simjui yule," alisema. "Labda... labda aliniibia."

Ndiyo, alisema hivyo. Dada yake wa tumbo moja alimwita mwizi mbele ya watu baki, na mikononi kavaa glavu za huyo huyo mwizi. Msinione mkali. Kuna maneno yanayostahili ukali.

Karani alicheka kwa pua. "Kila mwaka nawaona watu kama nyinyi. Walimu mnaleta wachezaji wa kuokoteza, watoto mnawafundisha uongo, halafu mnanitolea macho. Shule yako naifungia miaka miwili, Mwalimu. Timu zote, wavulana kwa wasichana."

"Mzee, huyu nimemfundisha tangu darasa la nne!" Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Naapa cheti ni chake na hajui lolote. Niko tayari kupoteza kazi yangu."

"Wengi wameshaapa mbele ya meza hii," karani alisema, akachukua mhuri.

Kitinda alimtazama mwalimu wake. Mtu yule hakuwa na shaka naye hata chembe. Dharau ya karani ilimuuma, lakini imani ile ya mwalimu ilimchoma zaidi, kwa sababu hakuistahili.

"Mwalimu, usiape," alisema. "Hakuniibia. Yule ni dada yangu. Cheti nilimpa mwenyewe, akanipa glavu hizi."

Mwalimu alivua kofia yake, akaikunja, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa.

Dada aliitwa. Alipomwona mdogo wake, alisimama kati yake na meza. "Kosa ni langu," alisema. "Yeye ni mtoto."

"Na wewe je?" karani aliuliza. "Kwenye daftari langu wewe nawe ni mtoto."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko, na safari hii Kitinda hakucheka.

Mama alipigiwa simu. Alifika na futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, vipande vya uzi vimemng'ang'ania gauni. "Huyu wa kwanza, huyu wa mwisho," alimwambia karani. "Nimewazaa mimi, sihitaji kusomewa."

Karani akatoa uamuzi. Dada alifungiwa miaka miwili, asicheze mechi yoyote. Kitinda hangefikiriwa msimu huo. Shule ikaachwa huru.

"Mama, nilidhani ni upuuzi tu!" Kitinda alilia. "Bonanza la siku mbili!"

"Dada yako amekosa, na atakula jeuri yake," Mama alisema. "Kuna mtoto wa mtu aliyestahili kudaka siku ile, yeye akamkalia nafasi yake. Miaka ishirini na mmoja, na penalti za watoto! Lakini wewe nisikilize. Ungekuwa unamheshimu dada yako, ungemkatalia. Ungemwambia, 'Dada, usijishushe hivyo.' Wewe ulimwona si kitu, ukaona hata uongo wake si kitu. Ndiyo maana ulimpa jina lako huku unacheka. Mtu akidanganya kwa jina lako na wewe ukijua, basi umedanganya wewe. Na jina likishachafuka, huwezi kujisafishia mwenyewe. Unakuja kuwaomba wengine wakusafishie, kama hivi."

Dada alikuwa ameinamisha kichwa. Kitinda alimgeukia. "Dada, nisamehe. Nimekuita mwizi."

"Nami nisamehe," Dada alisema. "Nafasi ilikuwa yako."

Karani aliweka rula, akaukata mstari mzima kwa wino mwekundu na kuibandua picha. Kisha akafungua ukurasa mwingine. "Msimu ujao utajaribiwa kama wengine," alisema bila kuinua macho. "Jina?"

"Si lipo kwenye cheti, mzee?"

"Hicho kimeshanidanganya mara moja. Sema mwenyewe."

Kitinda alijifuta uso. Akalitaja lote, lake, la baba na la babu, polepole, Mama na Dada na mwalimu wakisikia, na karani akaandika.