Mchanga Mweupe Kwenye Silinda

Jumatatu, saa nane na dakika kumi mchana, fundi Dorosela aliinua kichwa cha injini ya trekta lililokokotwa kurudishwa bandani, na watu waliokuwa wamezunguka wakasogea. Kuta za silinda zote nne zilikuwa na mikwaruzo ya kusimama, mirefu, unaihesabu kwa ukucha.

Elius, dereva wa trekta hilo la kikundi cha wakulima, alitupia jicho barabarani. Gari la kumpeleka polisi Makambako lilikuwa limeshaitwa.

"Ameliendesha bila oili," alisema mwenyekiti wao, Yonathani. "Kuna nini tena cha kuchunguza?"

"Oili ikiisha, vyuma huungua na kushikana," Dorosela alijibu, akipapasa ukuta. "Hapa hakuna palipoungua. Na mikwaruzo imezidi huku juu, hewa inakoingilia. Kitu kimepita na hewa."

Hapo Elius akarudi nyuma hatua moja, maana kusafisha chujio la hewa ni kazi yake. Dorosela alilitoa chujio: zima, safi. Akachomoa mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, akaugonga kiganjani. Zikadondoka chembe nyeupe za mchanga. Udongo wa kijiji kizima ni mwekundu.

"Ijumaa jioni mpira huu niliukaza mimi, nikapaka rangi juu ya skrubu. Ndiyo kawaida yangu, nijue kama kuna aliyegusa. Rangi imekatika. Elius, nilipoondoka ulikwenda wapi?"

"Lugarawa, dada. Mke wangu amelazwa. Nimerudi leo saa mbili asubuhi, hawa wote wameniona nikishuka kwenye bodaboda na kuwasha trekta." Akamnyooshea Yonathani kidole. "Ufunguo wa banda nilimwachia mwenyekiti."

Watu wakamgeukia Yonathani.

"Mchanga kama huu nimeupita leo nikija," Dorosela alisema taratibu. "Lundo zima, uani kwako, mwenyekiti. Unajenga nini?"

Yonathani alitafuta pa kukaa, akakosa, akachuchumaa.

"Kaburi. La mwanangu wa kwanza. Aliishi siku moja tu, tukamzika wenyewe, kimya kimya, kwenye lile shamba nililowauzia. Mke wangu hajui kama nimeuza. Nilitaka trekta lisimame siku mbili tu, kaburi nilijengee, lionekane, msilipitie. Nilidhani injini itakufa njiani. Asubuhi nilijifungia ndani, niliogopa kuja kutazama."

Hakuna aliyelitaja tena gari la polisi. Elius alipaswa kushusha pumzi, lakini woga ulimpanda upya, mbaya kuliko ule wa kwanza.

"Trekta lilifika shambani, mwenyekiti. Nimelima mistari minne ndipo likazima. Kaburi liko upande gani?"

"Wa mtoni. Pale penye mawe matatu."

Elius aliitazama mikono yake. Mawe yale aliyang'oa mwenyewe asubuhi, moja moja, akayatupa mtoni yasije yakaharibu jembe.