Mgeni wa Diski ya Muda

Nakaale alisafisha diski ya muda saa nne kamili asubuhi. Saa nne na dakika tano ilikuwa imejaa tena pomoni.

Hii si kazi ya kumpa mtu sifa. Katika ofisi ya usajili ya kambi ya Kakuma, wageni wanaovuka mpaka huandikwa kwanza kwenye diski ya muda ya kompyuta kuu: majina, picha, alama za vidole. Saa sita mchana Nakaale huwahamishia kwenye diski ya kudumu, ndipo wapate kadi za chakula. Makapi yanayorundikana asubuhi huyafuta yeye, bila kugusa majalada ya wageni; saa sita ikipita, diski hujifuta yote yenyewe. Ukishaingia kwenye ya kudumu, hakuna mtu wa Kakuma wala Lodwar anayeweza kukutoa, na kama kuna utaratibu wa kipuuzi kuliko huo, mimi sijauona.

Siku hiyo familia arobaini, zilizokwisha kuandikwa, zilikuwa zikingoja nje. Zikifutwa kabla ya kuhamishwa, usajili mwingine ni baada ya wiki tatu, na wiki tatu bila chakula ni kifo.

Alifungua kilichojaza diski. Alama za vidole, maelfu, zote za kidole kimoja, kirefu kuliko cha binadamu, zimejipenyeza ndani ya majalada ya wageni. Kisha harufu ikamfikia, harufu ya tumbo la mbuzi lililosahauliwa juani. Akafungua mlango wa nyuma wa mashine. Ute wa manjano ulichuruzika kwenye nyaya, umenasa nywele na vipande vya kucha, na ndani humo kitu kilikuwa kikitafuna mdomo wazi, bila haya. Nakaale alitapika kwenye ndoo ya takataka.

Faiso, mama wa chai pale ofisini, alikuja na kitambaa, akasimama mlangoni ameziba pua.

"Abdisamad hakukuambia?" alinong'ona. Abdisamad ndiye aliyeifanya kazi hiyo kabla ya Nakaale. "Yeye kabla ya kufuta anasema bismillahi, anawaonya majini wasogee. Ni kama kumwaga maji moto chini. Wewe unamwaga tu?"

"Mimi nabonyeza tu, mama. Hii si ni mashine?"

"Basi umechoma mtoto wa mtu."

Kwenye skrini maneno yalikuwa yakijiandika. MTOTO WANGU AMEUNGUA. HATA MIMI NI MGENI. NIANDIKE.

"Usimjibu," Faiso alisema, akaenda kwake kuleta chetezo, akarudi saa tano na nusu.

Akaizunguka mashine akisoma kwa sauti ya chini, moshi wa ubani ukipanda, na kule kutafuna kukazidi kasi, na ute ukapita chini ya mlango wa mashine ukawafuata miguuni, vuguvugu, ukaingia katikati ya vidole vya Nakaale ndani ya ndala, naye hakuthubutu kuinua mguu kwa sababu ulikuwa ukimlamba, taratibu, kidole baada ya kidole, mpaka ghafla kukawa kimya na harufu ikakatika.

Ilibaki dakika mbili kufika saa sita. Dirishani alisimama Ayen, bibi aliyefika juzi kutoka Sudan Kusini na wajukuu wawili.

"Binti yangu, hii watoto haijakula tangu jana."

"Ejok, sawa, mama. Ngoja kidogo." Nakaale akamgeukia Faiso. "Ameenda?"

"Sijui. Ngoja mpaka kesho."

"Kesho hakuna. Saa sita ikipita, inajifuta yenyewe."

Hakuweza kuwatenga wageni na uchafu ule. Ama wote wahame, ama wote wafutwe. Alimtazama Ayen, akabonyeza kuhamisha.

Kadi ya Ayen ilitoka ya kwanza. Bibi aliishika karibu na macho, kisha akairudisha dirishani.

"Hapa imeandika watu nne. Sisi ni tatu."

Nakaale alichungulia nje. Kwenye benchi mjukuu mdogo wa Ayen alikuwa amekunja uso na kuziba pua, akijisogeza pembeni ili mtu apate pa kukaa.