Macho ya Jirma Yalijua Ng'ombe Tu

Watu wa Bulla Pesa, sogezeni viti. Wasio na viti wasimame, lakini wanyamaze. Leo naongea juu ya Jirma, na simfichi jina, kwa sababu yeye mwenyewe hakuficha ujinga wake hata siku moja.

Mwaka wa sabini na nane boma la Jirma lilikuwa na raha. Kila asubuhi mama yake, Akko Darmi, alikaa mlangoni akifukiza gorfa zake kwa makaa, ili maziwa yapate ile harufu tamu ya moshi. Gorfa, kwa mgeni asiyejua, ni chombo cha maziwa kinachosukwa na mama za Kiborana kwa nyuzi za mizizi. Kinabanwa mpaka tone halipiti. Akko alikuwa na tano, amezisuka kwa mkono wake akiwa msichana. Na desturi ya ukoo ilijulikana: mjukuu wake Kabale akiolewa, ataingia kwa mume na gorfa hizo zimejaa maziwa, na wanawake wa huko watakunywa. Bila gorfa za nyumbani kwake, hakuna bibi harusi.

Jirma alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na tumpe haki yake. Ng'ombe akipita mbele yake sokoni mara moja tu, alikuambia amezaa mara ngapi, amenyweshwa wapi, na kama atafika Nairobi akiwa hai. Macho ya kutisha! Lakini kitu kisicho na mkia, Jirma hakukiona.

Siku moja Kabale, aliyekuwa Form Three upande wa sayansi, alimwambia baba yake, "Aba, naomba kubeba gorfa moja ya Akko kesho shule."

"Shule imekosa maziwa?"

"Hapana, Aba. Ni Mwalimu Rimberia, ule wa sanaa. Ameanza kutufundisha hata sisi watu wa sayansi. Kila mtu analeta kitu ya nyumbani, tunaiangalia, halafu tunasema imetengenezwa aje na uzuri yake iko wapi."

Jirma akaweka kikombe chini. "Mnachora?"

"Hatuchori."

"Kuna mtihani?"

"Hakuna."

"Kwa hivyo mnaangalia tu. Kama vile mbuzi inaangalia lori."

"Mpatie, kijana yangu," Akko akasema kutoka mlangoni. "Hata mimi nataka kujua wataona nini."

Hakumpa. Jirma alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Sisi ndio tulimchagua, maana hapa kwetu mwenye sauti kubwa ndiye mwenye akili. Kesho yake akaingia darasani bila hata kusema habari.

"Mwalimu, huyu msichana nataka awe daktari. Hii kuangalia-angalia itamsaidia na nini?"

Rimberia alikuwa Mmeru mpole, shati lake lina chaki mpaka mgongoni. "Mzee, hawa sitaki wawe wachoraji. Nataka mtu akisimama mbele ya kitu iliyotengenezwa na mkono ya mtu, aione. Ajue kazi ya maana na ajue takataka. Hiyo daktari anahitaji. Hata mtu wa ng'ombe anahitaji."

"Mimi? Mchoraji ni ule wa kuandika 'Hakuna Deni' kwa duka. Mimi sina haja na yeye."

Watoto wakacheka, mwalimu akafuta ubao. Wiki hiyo kamati ikakaa, kipindi kikafutwa, wanasayansi wakaongezewa hesabu. Jirma akapigiwa makofi. Mnaangalia chini kwa nini? Mlikuwa pale. Wengine mlisimama kabisa mkapiga.

Haikupita miezi miwili, akaja mzungu na Land Rover, mnunuzi wa hoteli moja ya watalii, anatafuta vitu vya kienyeji. Akaziona gorfa tano ukutani, akashusha sauti kama mtu aliyeingia msikitini. Jirma, ambaye huwezi kumdanganya hata kwa kwato ya ndama, akabadilisha zote tano kwa majerikeni nane ya plastiki. Ya manjano. Yenye vifuniko.

"Leo nimefunga mzungu bao!" akamwambia mke wake Habsa.

"Na Kabale ataolewa na nini?"

"Hizi. Ikianguka haivunjiki."

Akko Darmi kuanzia siku hiyo hakukaa mlangoni asubuhi. Angefukiza nini?

Basi ikafika themanini na moja. Kabale amemaliza shule, na amependana na Chachu, mtoto wa mzee Duba wa Kulamawe, kijana aliyekuwa akichanja mifugo. Kupendana kwenyewe kulikuwa kwa kweli. Kabale alianza kuimba jikoni, na huyu hakuwa msichana wa kuimba. Wazee wakaelewana, mifugo ikatolewa, siku ikawekwa. Ndipo Habsa akauliza tena habari ya gorfa.

Akko hangeweza kusuka nyingine. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho.

"Gorfa ni gorfa," Jirma akasema. "Nitanunua."

Akaenda barabarani, kwa wale wanaouzia watalii bangili na visu. Akachagua tano kubwa, nyeusi, zinang'aa, shanga mpaka shingoni. Alipozileta, Kabale akaishika moja, akaigeuza, akaiinua kwenye jua.

"Aba, hii ni katani. Na imesukwa mbali-mbali, ona mwanga inapita. Halafu inanuka rangi ya viatu."

"Ulifundishwa kuangalia siku ngapi?"

"Mbili. Halafu ukakuja."

"Basi nyamaza. Mimi nimeangalia miaka arobaini."

Kulamawe watu walikuwa wengi siku hiyo. Maziwa yalijazwa pale pale, mbele ya nyumba ya Duba. Dada mkubwa wa Duba akapokea gorfa ya kwanza kwa mikono miwili, akainua kunywa, na maziwa yakatiririka kwenye kiwiko, yakaingia ndani ya nguo. Yalikuwa ya kahawia. Akaonja, akatema.

"Duba!" akaita. "Njoo uonje kiatu!"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Kabale alikuwa amefunikwa shuka, lakini walioketi karibu waliona shuka ikitetemeka.

Duba hakucheka. "Jirma, hii ni nini?"

"Gorfa. Si unaona ni nyeusi na iko na shanga?"

"Mimi nimeona. Nauliza kama wewe unaona." Akaiweka mchangani. "Kuvuja si kitu, chombo inaweza kuvuja. Lakini mtu hajui kutofautisha kazi ya mama yake na ile ya kudanganya mtalii, atajua heshima yangu? Leta gorfa ya mama yako. Mwezi ikiandama kabla hujafika, mifugo yangu irudi na kila mtu abaki kwake."

Jirma akapanda lori mpaka kule hotelini. Askari akamwonyesha mlango wa nyuma, wa wanaoleta nyama. Akapita jikoni, akachungulia chumba cha kulia, akaziona. Zilikuwa zinaning'inia darini, zote tano. Zilikuwa zimekatwa matako, na ndani ya kila moja kuna balbu inawaka.

Sasa sikieni. Mwanga ulimwagika chini, pale palipokatwa. Ubavuni hakuna hata tundu la sindano lililopitisha. Jirma alikunywa kwenye gorfa hizo tangu aachishwe ziwa, na ndiyo mara ya kwanza alizitazama. Aliona jinsi uzi ulivyomshika mwenzake, jinsi mstari ulivyozunguka bila kupotea, mistari mamia, na alimjua aliyefanya. Kwenye meza iliyo chini yake watalii walikuwa wakila samaki.

"Mzee," askari akamgusa bega, "unataka nini hapa?"

Angetaka nini? Hata wangempa, gorfa isiyo na tako ni kofia.

Mwezi ukaandama. Chachu alimlilia baba yake, akashindwa, na mwaka uliofuata akaozwa msichana wa kwingine. Jirma alirudi akaketi mbele ya mama yake asiyeona.

"Mama, nimeona vile ulisuka. Hata mwanga haipiti."

"Mimi nilijua," Akko akasema. "Mwambie Kabale."

Akaenda mpaka mlango wa Kabale. Mtu huyu sauti yake ilijaza mnada mzima, na hapo alisimama mpaka miguu ikachoka, asipate neno. Ndani, Kabale alikuwa akifunga sanduku, anaenda kusomea unesi mbali. Alipofungua mlango, alimpita baba yake, akaenda.

FUNZO

Msanii ataona hata usipomfundisha. Wanaohitaji kufundishwa kuona kazi ya sanaa ni sisi wengine: wa ng'ombe, wa hesabu, wa lori, wa kamati. Asiyefundishwa atauza ya maana, atanunua takataka, na atajisifu mara zote mbili. Mwalimu akiomba kipindi kimoja kwa wiki kwa watoto wasiochora, mpeni. Mkishindwa kumpa, basi angalau msipige makofi.