Kipande cha Kanda ya Kwanza

Kanda ilikuwa imekatwa. Hilo lilijulikana Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, mbele ya watu kumi na wanane waliokuwa wamefumba macho.

Walifumba macho kwa sababu ndivyo walivyozoea. Mashabiki wa bendi ya Samaki wa Angani hawasikilizi muziki huku wakitazamana. Hukodi chumba juu ya duka la vioo, hushusha mapazia, hukaa juu ya mito waliyobeba kutoka nyumbani, watu wazima wenye magoti mabovu, kisha hufumba macho na kurudi ujanani. Bendi yenyewe ilivunjika zamani. Ilikuwa ikipiga roki ya njozi, wimbo mmoja nusu saa, gitaa linalia na kinanda kinazunguka nyuma yake mpaka msikilizaji asahau alikoacha viatu. Baadaye iliingia studio na kutoa santuri tatu nzuri tu. Watu wa chumba cha juu hawazitaki santuri hizo. Wanasema zimeoshwa mno. Wanataka kanda za maonyesho ya mwanzo, zenye makofi na vikohozi, na wako tayari kubishana mchana kutwa kikohozi fulani ni cha nani.

Siku hiyo walikuwa na neema. Onyesho la kwanza kabisa walikuwa nalo tangu zamani, lakini kopi zote zilianzia wimbo wa pili, kwa sababu aliyerekodi alichelewa kufika ukumbini. Sasa ilikuwa imepatikana kanda nzima. Mpiga kinanda alikuwa ameficha mashine yake ya kurekodia chini ya kinanda, na kanda hiyo, ile ya rili ya kabla ya kaseti, ilikaa zaidi ya miaka arobaini katika sanduku la mama yake, chini ya mashuka. Aliyeileta ni dada yake, mwalimu mstaafu, na pale chumbani kila mtu humwita Mwalimu.

Wimbo wa kwanza ulipigwa hadi mwisho. Makofi machache yakafuata, kisha sauti ya kijana: "Jamani, kabla hatujaendelea, nina ne... neno." Na papo hapo, bila hata pumzi katikati, wimbo wa pili ukaanza.

"Zima!" Mwalimu alipiga kelele. "Zima hiyo! Amekwenda wapi? Mdogo wangu amekwenda wapi?"

Mdogo wake alifariki akiwa kijana, kwa homa ya ini. Hakuwa mwimbaji, alipiga kinanda tu. Picha zake zipo, lakini sauti yake haikuwa imebaki popote duniani isipokuwa pale, na pale ilikuwa imeondolewa kwa wembe.

Sajini wa upelelezi alipigiwa simu akiwa mapumzikoni, mikono imejaa povu la sabuni. Aliacha nguo kwenye beseni akaenda, kwa kuwa Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wamemkata."

Kwa Sajini, muziki ule ulikuwa kama sufuria zinazoporomoka ngazini, lakini hilo alikaa nalo moyoni. Aliamuru mlango ufungwe na mtu yeyote asiondoke. Kisha akamwita fundi redio, aliyekuwa akiendesha mashine, mtu wa miaka thelathini na kitu, mdogo kuliko wote pale.

"Nionyeshe."

Fundi akavuta kanda taratibu mpaka kwenye kiungo. "Imekatwa mshazari, ikaungwa kwa utepe mweupe upande wa mgongoni. Ukikata wima, kiungo kinasikika kikipita. Hiki hukisikii. Kazi safi."

"Kazi ya fundi?"

Fundi aliuona mtego. "Afande, wembe na utepe viko kwenye droo hiyo hapo. Kanda zetu ni za zamani, zinakatika ovyo. Kila mwanachama anajua kuunga, hata huyo mama mwenye mto wa bluu."

"Mara ya mwisho uliiona lini ikiwa nzima?"

"Jumatatu. Mwalimu na mpwa wake waliileta dukani kwangu kuijaribu. Tukasikiliza wimbo wa kwanza. Marehemu alipoanza kuongea, Mwalimu akasema zima. Nikairudisha mwanzo, nikaitia kwenye boksi, mpwa akaibeba kuja kuiweka kabatini hapa."

"Na leo uliikutaje?"

"Nimeikuta hivyohivyo, kwenye bok..." Fundi akasita. "Hapana. Leo nimeikuta mkia nje. Nikairudisha mwanzo kwa mazoea tu, wala sikufikiri."

Ikabidi amweleze Sajini maana yake. Anayependa kanda akishaisikiliza haiviringishi kuirudisha mwanzo. Anaiacha ilipoishia, mwisho wake ukiwa nje, kwa kuwa ikihifadhiwa hivyo sauti haiharibiki upesi. Anayekuja kuisikiliza ndiye anayeirudisha.

"Yaani kati ya Jumatatu na leo mtu ameisikiliza yote, akaikata, akaiunga, kisha akaihifadhi vizuri isije ikaharibika," Sajini alisema. "Huyu mwizi ana adabu kuliko wengi ninaowajua."

Wanachama hawakucheka. Macho yao yalikuwa kwa mpwa wa Mwalimu, muuza simu mwenye saa kubwa mkononi, ambaye wiki nzima alikuwa akimbembeleza shangazi yake wampe kanda mnunuzi wa vitu vya kale.

"Mnanitazama nini?" Mpwa alikuja juu. "Afande, mimi ningeiba, ningeiba yote! Nani atanunua kanda yenye kiraka?"

"Ukimaliza kusikiliza kanda, unafanyaje?"

"Nazima, naondoka. Sasa mtu anafanya nini kingine?"

Sajini akawageukia wengine. "Muziki wowote umepotea?"

Walishindana kujibu. Wimbo wa pili waliujua kama wanavyojua majina ya watoto wao, na haukupungua hata tone. Mkataji alikuwa ameishia unywele mmoja kabla ya noti ya kwanza ya kinanda, noti ile ambayo mashabiki huisifu kwa machozi, maana wanasema pale kinanda hakipigwi, kinalia. Sajini alimwambia mpwa akae. Mtu asiyejali muziki hawezi kuuhurumia kiasi hicho.

Hapo macho yote yakahamia kwa fundi, na fundi akaanza kutokwa na jasho. Lakini Sajini alikuwa na swali jingine: fundi alikuwa amezaliwa wakati bendi inaanza? Hakuwa amezaliwa. Basi ndani ya ile kanda kulikuwa na nini cha kumtisha yeye?

Alimchukua Mwalimu hadi jiko dogo la nyuma, penye birika na vikombe visivyofanana, akafunga mlango.

"Mwalimu, kati ya hawa, nani alikuwepo ukumbini siku ile?"

"Mwenyekiti wetu wa chama peke yake. Wengine wote wameijua bendi kwa kanda."

"Na wewe?"

Mwalimu alikitazama kikombe. "Sikwenda. Nilikuwa na kazi."

Sajini aliona shingo ya mwalimu wake ikiinama, jambo ambalo hakuwahi kuliona darasani, akaona vibaya kuendelea. Hata hivyo aliendelea. "Jumatatu, baada ya kuisikia sauti, ulimwambia mtu?"

"Nilimpigia Mwenyekiti palepale dukani. Unajua, nilipojiunga na chama hiki nilimuuliza, mdogo wangu alisema lolote siku ile? Akaniambia hakufungua mdomo, alipiga tu. Kwa hiyo nilipomsikia anaongea nilichanganyikiwa kwa furaha. Nikamwambia Mwenyekiti, alikuwa na neno! Amesema 'kabla hatujaendelea, nina neno', nami nikazima, moyo ulinishinda, yaliyobaki nitayasikia Jumamosi nikiwa na wenzangu."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza. Nikadhani naye analia."

Saa sita kasoro, Sajini alirudi chumbani, akavuta mto, akaketi mbele ya Mwenyekiti. Huyu alikuwa mfamasia mstaafu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, mtu ambaye wenzake wakigombana yeye ndiye huwapatanisha.

"Mzee wangu, mimi muziki huu siujui. Hebu nisimulie ile siku ya kwanza."

Uso wa Mwenyekiti ulichangamka, na hapo ungemwonea huruma. Alisimulia taa nyekundu iliyoning'inizwa kwa waya. Alisimulia mpiga ngoma aliyevua ndala akapiga pekupeku. Uzi wa gitaa ulikatika katikati ya wimbo wa kwanza na mpigaji hakusimama. Shati la mpiga kinanda lilikuwa la kijani, na kifungo cha mwisho hakikuwepo. Wenzake walimsikiliza midomo wazi ingawa hadithi hiyo walikuwa wameisikia mara nyingi kuliko wimbo wenyewe.

"Na alipokuwa na neno," Sajini aliuliza, "lilikuwa neno gani?"

"Hilo... sikumbuki. Miaka mingi."

"Unakumbuka kifungo ambacho hakikuwepo, mzee wangu. Neno lililokuwepo umelisahau?"

Sajini akaendelea.

"Jumatatu Mwalimu alikwambia alipoishia kusikia, na kanda imekatwa palepale alipoishia. Wewe, kama mwenyekiti, una ufunguo wa kabati. Wewe peke yako ulikuwa ukumbini, kwa hiyo ni wewe peke yako uliyejua kinachofuata. Na zamani, kabla kanda haijaonekana, ulishamwambia Mwalimu kwamba mdogo wake hakufungua mdomo. Kukata umekata juzi, lakini kuficha ulianza zamani. Kipande kiko wapi?"

"Nilikitupa."

"Hukukitupa. Mtu aliyeacha mkia nje hawezi kutupa kanda."

Mwenyekiti alitoa mfukoni kijaluba cha miwani, akakifungua, na badala ya miwani kulikuwa na utepe wa kahawia umeviringwa kwa uangalifu, umefungwa kwa uzi. Mikono iliyopima dawa za watu maisha yote ilikisogeza mbele ya Sajini. Mama mwenye mto wa bluu aligeukia ukutani.

"Alikuwa na kigugumizi," Mwenyekiti alisema, akiongea na sakafu. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekwenda na rafiki zangu. Yeye akasimama kuongea, maneno yakamkwama, nikamwiga. Ukumbi mzima ukacheka. Nikajiona mtu. Kisha akaketi, akapiga wimbo ule, na kabla haujaisha nilitamani ardhi inimeze. Baada ya hapo sikukosa onyesho lake hata moja. Nilikuwa nangoja aongee tena, nimpigie makofi. Hakuongea tena jukwaani. Alipofariki nikaanzisha chama hiki. Halafu Mwalimu akaja, akaketi hapa, akaniuliza. Ningemwambia nini?"

"Ukweli," fundi alisema kwa hasira.

"Iunge," Mwalimu alisema.

"Mwalimu, si lazima wote wasikie," Sajini alijaribu kumtuliza.

"Iunge, fundi. Wote wakae."

Fundi aliunga. Safari hii hakuna aliyefumba macho. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Jamani, kabla hatujaendelea, nina ne... neno. Da... da... dada yangu aliniambia leo ana ma... madaftari ya kusahihisha, hawezi kuja. Lakini namjua, ananitania tu, yupo huko nyuma. Da... da..."

"Da-da-da-da!" sauti ya kijana ilidakia, kali, yenye furaha. "Kaa chini, tutakesha hapa!"

Kicheko kikapasuka. Halafu ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi kwa mdundo, da, da, da, da, na chini ya makofi hayo, karibu kabisa na mashine, alisikika mtu akivuta pumzi. Ikafuata ile noti ya kinanda.

Hakuna aliyeomba sauti iongezwe. Kwa miaka mingi walikuwa wameisifu noti ile, wakapiga simu redioni kuiomba, wengine wakaipiga kwenye harusi zao, na sasa kila mmoja alijikuta akiangalia magoti yake. Mpwa wa Mwalimu alivua saa yake, akaivaa tena. Fundi alizima mashine bila kuambiwa.

Sajini alisimama. "Mwalimu, hii ni mali yako imeharibiwa. Ukitaka kufungua kesi, neno lako linatosha. Naenda naye sasa hivi."

Mwenyekiti naye alisimama, akanyoosha shati, tayari kwenda. Kisha akapiga magoti mbele ya mto wa Mwalimu.

"Dada, nisamehe. Hata nikifungwa, nisamehe."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa mbele ya darasa akiwa hana jibu.

"Inuka," alisema. "Mimi nikufunge kwa lipi? Nilikuwa mwalimu mpya, sikutaka wakuu wangu wanione na mtu wa nywele ndefu anayekwamakwama. Wewe angalau ulikwenda. Mimi nilibaki nyumbani, na sikuwa na daftari hata moja la kusahihisha."