Swali la Mvaaji

Mfumaji hakuwa na mikono, lakini alifuma. Ndani ya tungi la kioo la mashine hiyo, nyuzi za mwanga, nyembamba kuliko utando wa buibui, zilipishana juu ya chembe mbili za mchanga wa Ziwa Nyasa, zikaingia, zikatoka, zikajifunga. Kabla wageni waliojaa ukumbini hawajamaliza kushangaa, chembe zile zilikuwa kompyuta kamili. Ziliitwa punje-nuru. Daktari wa macho akazichukua kwa sindano laini, akampenyezea Mzee Ambakisye moja katika kila jicho, bila damu wala maumivu.

"Washa," akasema Dokta Sekela, mkuu wa Idara ya Uhandisi wa Kompyuta.

Tusajigwe, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akabonyeza kiwashio kilichobandikwa nyuma ya sikio la baba yake. Baba huyu alipofuka Tusajigwe akiwa darasa la kwanza, na punje hizi alizibuni kwa ajili yake.

Mzee Ambakisye akapepesa macho. Akageukia dirishani, na mdomo ukabaki wazi.

"Loleza! Mlima wangu ule pale! Na wamejenga mpaka kule juu? Watu wa Mbeya hawana adabu hata kidogo."

Ukumbi mzima ukacheka, na wengine wakalia. Hata maprofesa wazee, ambao kwa kawaida husinzia ndani ya majoho yao, walikuwa wamesimama. Baba akamgeukia Tusajigwe, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe umekuwa mzuri hivi."

Lakini shahada ilikuwa bado. Ukutani, juu ya jukwaa, yalikuwa yamechongwa malengo ya masomo yale: mhitimu aweze kuunda, aweze kushirikiana na wenzake, asiache kujifunza maisha yake yote. Lengo la kale kuliko yote lilikuwa hili: aweze kumweleza atakayekitumia chombo chake jinsi kinavyofanya kazi. Lilipimwa kwa desturi iliyoitwa Swali la Mvaaji. Atakayekivaa chombo huuliza lolote, na mwanafunzi hujibu kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa, shahada husubiri, naye hukizima chombo kwa mkono wake mwenyewe mpaka siku atakapoweza kujibu. Wanafunzi waliiona desturi hiyo ni ya kizamani. Siku hizi hakuna aliyechora saketi wala kushika waya. Unamwambia Mfumaji unachotaka, naye anafuma.

"Mzee, uliza," akasema Dokta Sekela.

"Inafanyaje kazi, mwanangu?"

Hilo lilikuwa jepesi. Tusajigwe akaeleza kwamba mwanga ukiingia jichoni, punje huupokea na kuugeuza kuwa mapigo madogo ya umeme, na mshipa wa fahamu huyabeba mapigo hayo mpaka kwenye ubongo. Mzee akaitikia kwa kichwa. Maprofesa wakatazamana kwa kuridhika, na mmoja akaanza kutafuta kalamu.

"Vizuri. Sasa huyo mama aliyekaa kando ya Dokta ni nani?"

Tusajigwe akatazama.

"Baba, kiti kile hakina mtu."

"Najua. Mama yako nilimzika mwenyewe. Ndiyo maana nauliza."

Tusajigwe akakumbuka maneno aliyompa Mfumaji, na jinsi alivyojivunia ufasaha wake: mwonyeshe kila kitu, usimwachie pengo lolote. Naye Mfumaji, mtiifu kupita kiasi, hakuacha pengo. Pale jicho liliposhindwa kuleta picha, punje ilichota kwenye kumbukumbu za mzee, ikaziba. Sababu aliifahamu sasa. Lakini ilichota kiasi gani? Mpaka kati ya kilichopo na kilichojazwa ulipita wapi? Nyuzi zile hakuna binadamu aliyewahi kuzisoma, hata yeye mwenyewe.

"Na wewe?" baba akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sijakuona tangu ukiwa mtoto. Sura hii ninayoiona ni yako?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari ulimini. Ni yangu, baba. Yule mama ni kivuli tu, kitaondoka. Baba angeamini, maana hajawahi kumshuku. Shahada ingekuwa yake kabla ya chakula cha mchana, na mzee angerudi nyumbani akiitazama milima. Tusajigwe aliutaka uongo ule kwa moyo wake wote. Lakini baba angeishi na uso ambao hata yeye aliyeutengeneza hakujua ni wa nani.

"Sijui, baba," akasema, na machozi yakamtoka.

Dokta Sekela akainamisha kichwa. "Basi utarudi darasani, binti yangu. Utazisoma nyuzi moja moja, hata kama ni miaka. Na sasa unajua la kufanya."

"Dokta, mwacheni baba aone angalau leo!" Tusajigwe akasihi.

"Hapana," akasema Mzee Ambakisye. "Zima, mwanangu. Ukapate jibu uniletee. Ila nipe dakika moja."

Tusajigwe akasimama mbele yake. Akajifuta machozi, akanyoosha joho, akainua uso ili baba amtazame ashibe kabla ya giza. Mzee Ambakisye akamshika bega kwa upole, akamsogeza kando, akakitazama kile kiti. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesalimiwa.

Tusajigwe akangoja, kidole kikiwa juu ya kiwashio, mpaka baba aliposema, "Haya, mwanangu." Ndipo akabonyeza.