Televisheni Iliyohamia Bungoma

Televisheni ilikuwa tayari imefungwa kamba juu ya pikapu, imefunikwa kwa blanketi la kitanda cha Nyambu. Mbogo, mume wa Nyambu, alikuwa anahamia Bungoma kwa mwanamke mwingine. Wala hakuficha.

"Na mama yako ataangalia nini?" Nyambu aliuliza.

"Si nimewaachia laptop? Laptop ni televisheni tu, bana. Na dekoda hiyo hapo. Unganisha."

Pikapu ikaondoka Kibomet, nje kidogo ya mji wa Kitale. Mama Rahab, mamake Mbogo, hakutoka kuaga. Miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Alibaki kwenye kochi akikodolea macho meza tupu.

Maisha ya nyumba hiyo yalikuwa hivi. Nyambu alikamua ng'ombe, akapika uji, akamwosha mama mkwe. Mama mkwe alitazama ibada Jumapili na taarifa ya habari kila jioni. Nyambu naye alisikia habari akiwa jikoni, kupitia ukuta wa mabati. Kwenye kochi lile hakuwahi kuambiwa akae.

Jioni moja wiki hiyo Mama Rahab alisukuma sahani kando.

"Mpigie Mbogo aje anichukue. Nitakaa huko kwenye televisheni."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe huna mtoto hapa. Nikienda, nyumba itafungwa."

Shamba lilikuwa la Mama Rahab. Nyambu alielewa. Mama akiondoka, yeye hana pa kulala.

"Ningojee mpaka Jumapili," akasema. "Nitakutengenezea."

Alichomeka waya wa dekoda kwenye laptop. Kioo hakikuonyesha kitu. Akabadilisha waya. Bado. Asubuhi akaifunga laptop kwa leso, akaenda mjini Kitale kwa Fadumo, mama anayeuza vifaa vya umeme karibu na msikiti.

Fadumo aligeuza laptop ubavu. "Nani alikuambia uchomeke dekoda hapa?"

"Mume wangu. Amehama."

"Basi huyo anajua kuhama tu. Sikiza, dada. Hili tundu la laptop linatoa picha, haliingizi. Dekoda nayo inatoa picha. Ni kama watu wawili wanaongea, hakuna anayesikiza."

"Kwa hivyo haiwezekani?"

"Nani amesema? Hata televisheni ya kulipia kila mwezi huhitaji." Fadumo akatoa kifaa kidogo kama kidole. "Hii ni tuner, inashika matangazo ya televisheni kutoka kwa antena. Unaichomeka pale pa flash. Angalia imeandikwa T2, kwa sababu matangazo yetu ya dijitali ni ya aina ya T2. Ya zamani, yenye T peke yake, itatafuta vituo mpaka uzeeke. Antena iko?"

"Iko juu ya paa. Mbogo hakupanda kuitoa."

"Uvivu wake umekusaidia. Toa waya wa antena kwa dekoda, uweke kwa tuner. Fungua programu yake, bonyeza itafute vituo. Utapata vile vya bure. Vya kulipia sahau."

"Na kwa intaneti?"

"Pia inawezekana. Vituo vingi vinaonyesha kwa tovuti zao. Lakini ibada ni ndefu, bando litaisha kabla ya sadaka."

Nyambu akashusha sauti. "Kuna tovuti iliahidi vituo vyote bure. Iliniomba PIN ya pesa ya simu."

"Ukaweka?"

"Niliogopa."

"Endelea kuogopa. Kituo cha bure hakina haja na PIN yako. Huyo ni mwizi."

Fadumo aliweka programu kwenye laptop. Nyambu alilipa kwa pesa za kuku wake, akarudi nyumbani.

Picha ya kwanza ilikuja imekatikakatika. Nyambu akatoka nje, akaangalia antena za majirani. Zote zilitazama upande mmoja. Ya kwao upepo ulikuwa umeigeuza. Akaegemeza ngazi ukutani mbali na nyaya za stima, akapanda, akaizungusha polepole.

"Bado," Mama Rahab aliita kutoka ndani. "Bado. Umeharibu, rudisha. Hapo. Usiguse tena."

Nyambu akaikaza, akashuka, akasimama mlangoni. Kwaya ilikuwa inaimba.

"Kioo ni kidogo," Mama Rahab akasema.

"Ni kidogo, Mama."

"Isogeze. Na wewe unanizibia mwanga." Akaondoa shali yake upande wa pili wa kochi. "Kaa hapa."

Nyambu akakaa.

"Nimpigie Mbogo?"

"Wa nini?"

Mama Rahab aliishi miaka miwili zaidi. Alitazama habari mpaka wiki ya mwisho. Mbogo alikuja kwa mazishi, akarithi shamba, akaliuza kwa mfanyabiashara wa Lwakhakha. Nyambu hakupewa kitu. Mwanamke wa Bungoma alimfukuza Mbogo na akabaki na televisheni. Fadumo bado anauza karibu na msikiti, na bado anauliza kila mteja kama antena iko. Nyambu amepanga chumba kimoja hapo hapo Kibomet na anafulia watu nguo. Kabla mwenye shamba mpya hajafika, alipanda paa mwenyewe akaitoa ile antena. Sasa imefungwa kwenye mlingoti wa mbao nje ya chumba chake, imetazama upande wa zile za majirani. Laptop iko juu ya meza. Habari ikianza, anaacha kazi, anatazama akiwa ameketi.