Vipande Vinne vya Mpira

Saa tatu na dakika ishirini na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, gari dogo jekundu la Hubert Hakorimana lilikuwa limelalia paa lake katikati ya malisho ya Mushaki, na magurudumu yake yalikuwa bado yanazunguka.

Watu walikimbia, kisha wakapunguza mwendo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuona. Mwalimu Nicole Mukagasana ndiye aliyefika mbele. Hubert alining'inia kwenye mkanda, damu puani, lakini anapumua. Gustave, mpinzani wake katika mashindano, alikata mkanda kwa kisu cha jibini, akamlaza ndani ya gari lake mwenyewe, akamwekea koti lake jipya chini ya kichwa, akaondoka kwenda hospitali ya Sake bila kumwambia mtu neno.

Mchezo wao ulikuwa wa kawaida. Gari moja moja lilizunguka vidumu vya njano vilivyojazwa mchanga, na Nicole alishika saa. Sheria kali ilikuwa moja, naye ndiye aliyeiandika: kimo cha gari kisizidi upana kati ya tairi za kushoto na za kulia. Gari refu kuliko upana wake hupinduka kwenye kona. Asubuhi ile alilipima gari la Hubert kwa mkono wake. Kimo, sentimita 139. Upana, 143. Akaweka sahihi.

Sasa alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Vidole vikagusa kipande cha tairi kuukuu kilichosukumwa ndani ya springi. Magurudumu yote manne yalikuwa na kipande kama hicho. Vilikuwa vimeliinua gari sentimita sita.

Barabara ya Masisi ina mawe, na kila gari la abiria huwekewa mipira hiyo ili tumbo lisigonge. Lakini gari la mashindano, kamwe.

"Ni nani anakataka hii mipira hapa?" mtu akauliza nyuma yake.

"Fiston!" wakajibu wengi kwa pamoja.

Kufikia saa nne, Fiston fundi magari alikuwa amefungiwa katika ghala la mbegu, nyuma ya ofisi ya chifu. Papa Twizeyimana, chifu wa kijiji, alimfungia ili kumficha. Mtu alikuwa amesema Hubert amekufa, na wengine wakaja wakibingirisha tairi na kuuliza petroli ya kumchoma Fiston.

"Polisi wa Sake watafika saa sita," chifu alimnong'oneza Nicole. "Huu mlango ni wa mbao tu, Mwalimu."

Nicole aliinama kwenye ufa wa mlango.

"Fiston, ni mimi. Tulipima gari saa moja na dakika kumi. Kutoka hapo mpaka saa tatu ulikuwa wapi?"

"Mu malisho, Mwalimu. Nilikuwa napanga bidumu."

"Saa mbili hukuwapo. Watu wamesema."

"Nilienda ku kanisa na moto, ile pikipiki yangu, kumubeba Mama Joséphine-Marie, mama ya Hubert. Matope ilikuwa mingi, na leo njo ilikuwa misa ya marehemu bwana yake. Nilimushusha kwake saa mbili na robo."

"Hubert alikuwa wapi?"

"Mu bafu, anaimba mubaya kama siku zote. Gari ilikuwa mu lupango, mu kiwanja yao, muzima." Akasogea karibu na ufa. "Mwalimu, ile mipira nilikata mi, ni kweli. Lakini iko mu kila nyumba hapa. Niko nasikia bale banasema petroli. Usiende mbali."

Alitoa ncha za vidole katika ufa. Nicole alizishika. Zilikuwa za baridi, na zake pia zilikuwa za baridi.

Saa tano na dakika kumi Gustave alirudi. Kundi likalizunguka gari lake.

"Ye njo alikimbia! Ye na fundi walipatana!"

"Nilikimbia na nani ndani, bajinga?" Gustave akafoka. "Hubert iko anaishi! Mbavu tatu na bega. Anauliza kama mama yake iko njiani."

"Uongo! Munamuficha maiti!"

Nicole alimvuta Gustave pembeni. "Mama yake hajaenda hospitali?"

"Sikumuona."

Nicole akamwonyesha kipande cha mpira alichokitoa kwenye springi. Gustave alikigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Hii ni sabuni. Fiston anatiaka grisi, nilimutukana mara mingi. Grisi inafanya mupira unatoka. Sabuni ikikauka, inashika. Lakini hii ni kazi ya bazee, bale ba barabara ya Walikale. Hakuna tena mwenye anaifanya."

"Baba yake Hubert aliendesha gari Walikale."

"Na alikufa huko, Mwalimu. Maiti haiweke mipira."

Nicole alikwenda kwa Mukasine, anayeuza chai kwenye lango la malisho, kwa kuwa nyumba ya Joséphine-Marie imetazamana na lango hilo. Mukasine alimpa kikombe bila kuulizwa, akamfunika mabega kwa kitenge chake.

"Asubuhi ulimwona mama Hubert?"

"Nilimusikia. Alitoka mbio, peku, analia: 'Mumurudishe! Mumurudishe!'"

"Alipoona gari limepinduka."

"Apana. Gari ilikuwa inapita tu hapa ku mulango. Haikuwa bado izunguke hata kidumu kimoja."

Nicole akaweka kikombe chini. Mama alilia kabla ya ajali. Alijua.

Ilikuwa saa tano na nusu. Joséphine-Marie aliketi sakafuni nyumbani kwake, na nguo ya misa mwilini, mgongo ukutani. Nicole aliketi sakafuni pia.

"Mama, mwanao anaishi. Anakuuliza."

Mwanamke alifunika uso. Hakuuliza ameumia wapi.

"Mama, nani alikufundisha kupaka mipira sabuni?"

Huko nje mtu aligonga tairi chini, na wote wawili wakashtuka.

"Bwana yangu," akasema mwishowe. "Miaka kumi na mbili niliwekaka mipira pamoya naye. Ye anainua na jeki, mi nasukuma. Njo ilimuua. Gari ilikuwa juu sana, kona ikaikatala. Nilimuomba Hubert aache hii mambo, akacheka. Nikasema, basi sheria ya Mwalimu itamukatala, si mi. Hubert akiwa mu bafu, nikainua gari na jeki ya baba yake, nikasukuma mipira. Gari itakuwa murefu, mutaipima ku mulango, mutamurudisha. Atakasirika, atakula, atalala. Kila mara munapimaka ku mulango!"

"Leo lango lilikuwa matope. Tulipima saa moja, kwenye simenti ya nyumba ya jibini."

"Nilikuwa mu misa." Alilisema hilo kama mtu anayeomba arudishiwe saa ile. "Nilikuwa namuombea baba yake."

Nicole alifumba macho. Ni yeye aliyeruhusu gari lipite langoni bila kulipima tena.

"Na Fiston, Mama? Amekubeba kwenye matope."

"Niko naogopa, Mwalimu. Batanichoma."

"Na yeye anaogopa. Nitatembea upande wako. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Saa sita kasoro dakika kumi walifika ghalani wameshikana mikono. Wanaume walikuwa wameanza kuupiga mlango mateke, na chifu aliuegemea kwa mgongo wake. Joséphine-Marie alisimama mbele yao.

"Hubert ni mutoto wangu, na iko anaishi. Mi njo niliweka mipira. Nilitaka mumukatale asikimbize gari. Fiston hajui kitu."

Mwenye tairi alilitazama kama hajui ni nani aliyempa, akalilaza majanini polepole.

Chifu akafungua mlango. Fiston hakutoka. Alikuwa amejibana nyuma ya magunia, mikono kichwani, akitikisa kichwa kila alipoitwa. Basi Joséphine-Marie aliingia mwenyewe, akamshika bega, akamwinua.

"Toka, mwanangu. Hapa ni pangu."

Fiston alitoka akiuambaa ukuta. Mwanamke akaketi pale alipokuwa amekaa kijana, gunia likiwa bado na joto lake.

"Nifunge?" chifu akauliza.

"Funga, Papa."

Nicole aliingia kabla mlango haujafungwa, akaketi kando yake kuwangoja polisi.